Picha ya Pili

Wiki ya tatu ya muhula, katika semina yetu ya uzamili kuhusu maandishi na picha za maafa, mwenzetu mmoja alituonyesha ukutani picha mbili za Mount St. Helens, mlima wa volkano ulioko jimbo la Washington, Marekani. Ya kushoto ilipigwa tarehe 17 Mei 1980. Ya kulia ilipigwa tarehe 10 Septemba mwaka huohuo. Aliyezipiga ni mtu mmoja, Harry Glicken, kijana aliyekuwa akifanya kazi na wanajiolojia wa serikali, na zote mbili alizipiga kutoka mgongo uleule wa kilima, kama kilomita 10 kutoka kwenye mlima. Kushoto ni mlima mzima, umechongoka, theluji yake imechafuka kwa majivu, na chini kuna msitu. Kulia ni mlima uliokatwa kichwa, tumbo wazi, na nchi yote iliyouzunguka imekuwa ya kijivu.

Darasa lilinyamaza. Kisha mtu mmoja nyuma akasema, "Duh." Mwenzetu akatuambia kwamba jozi hii ndiyo masimulizi kamili ya maafa, haihitaji hata sentensi moja ya maelezo. Wengi waliandika hilo kwenye madaftari yao. Mimi nilijikuta nimeziba mdomo kwa kiganja, kama ninavyofanya tangu kidato cha kwanza nikiwa sijui la kusema. Nitaeleza baadaye kwa nini kiganja hicho ni sehemu ya uhakiki huu.

Nianze na sifa, maana zinastahili. Nguvu ya jozi hii inatokana na mpigapicha kukataa kutembea. Angesogea mita mia tano, tungekuwa na picha mbili za milima miwili. Kwa kuwa hakusogea, jicho linafanya hesabu lenyewe: linachukua umbo la kushoto, linaliweka juu ya la kulia, na linaona kilichopungua. Mlima ulikuwa na mita 2,950. Ukabaki na 2,549. Tarakimu hizo unaweza kuzisoma mara kumi zisikuguse, lakini ukitazama anga lililochukua nafasi ya kilele, unaelewa mita 400 ni kitu gani. Hakuna aya ya nathari ninayoijua inayofanya kazi hiyo kwa upesi huo. Picha hizi pia hazina mbwembwe. Hakuna moto wala wingu jeusi linalopaa, hakuna mtu anayekimbia. Ni mlima, kisha mlima.

Shida yangu inaanza na majina tunayozipa. Darasani tulisema "kabla" na "baada", kama wanavyosema watu wote, kana kwamba maneno hayo yameandikwa kwenye karatasi ya picha. Hayakuandikwa. Tumeyaleta sisi.

Chukua ya kushoto. Tarehe 17 Mei 1980 mlima ule ulikuwa umekwisha kulipuka kwa wiki saba. Matetemeko yalianza katikati ya Machi. Tarehe 27 Machi mvuke ulitoboa kilele na kuchimba shimo jipya, na majivu yakaanza kuchafua theluji, ndiyo maana theluji ya kwenye picha si nyeupe. Ndani ya mlima magma ilikuwa inapanda bila kupata njia ya kutokea, hivyo ikawa inausukuma ubavu wa kaskazini kwenda nje. Ubavu huo ulivimba zaidi ya mita moja kila siku, siku baada ya siku, kwa majuma. Picha tunayoiita "kabla", ile ya mlima mzima wenye amani, ni picha ya mlima uliokwisha kuvimba. Glicken alikuwa pale kwa sababu hiyo hasa: kazi ya kituo kile kidogo ilikuwa kuupima uvimbe.

Ukirudi nyuma zaidi, hata ule uzuri wa kilele chenyewe ulikuwa mgeni. Sehemu kubwa ya umbo lile lililochongoka ilijengwa na milipuko ya miaka 3,000 hivi iliyopita, muda mfupi sana kwa mlima. Watu wa kabila la Cowlitz wanauita Lawetlat'la, jina linalobeba habari ya moshi. Walioupa jina hilo walikwisha kuuona ukifuka, karne nyingi kabla ya nahodha Mwingereza kupita pwani mwaka 1792 na kuupa jina la heshima la balozi wa kwao. Kwao wao, picha ya kushoto ilikuwa tayari picha ya baada.

Kilichotokea katikati ya picha hizo mbili ni hiki. Saa 2:32 asubuhi ya Jumapili, tarehe 18 Mei, tetemeko la ukubwa wa 5.1 liliutikisa mlima na ubavu wote wa kaskazini ukaachia. Yalikuwa maporomoko makubwa kuliko yote yaliyowahi kurekodiwa na wanadamu, kama kilomita za ujazo 2.5 za mwamba, barafu na udongo. Ubavu ulipoondoka, magma iliyokuwa imebanwa ikafunguka ghafla, kama soda iliyotikiswa inapofunguliwa, isipokuwa mlipuko haukwenda juu kwanza. Ulikwenda pembeni, kaskazini, ukalaza msitu wa karibu kilomita za mraba 600, miti yote ikielekea upande mmoja kama nywele zilizochanwa. Baadaye ndipo safu ya majivu ikapanda zaidi ya kilomita 20 angani. Maporomoko yalijaza bonde la mto Toutle kwa zaidi ya kilomita 20 na kuacha vilima vidogo vidogo visivyohesabika, kila kimoja kipande cha mlima. Watu 57 walikufa.

Mmoja wao alikuwa amekaa mahali ilipopigwa picha ya kushoto.

Hapa ndipo nadhani mwenzetu alikosea aliposema jozi haihitaji sentensi. Kuna picha ya tatu, nayo ni ya Glicken vilevile, ya jioni ya 17 Mei. Inamwonyesha mwanajiolojia David Johnston amekaa kwenye kiti cha kukunja kando ya gari la kambi, daftari mkononi, anatabasamu. Glicken alikuwa amelinda kituo kile kwa karibu wiki mbili. Jioni hiyo ilimbidi aondoke kwenda California kwa mahojiano ya masomo yake, na Johnston akakubali kukaa kwa niaba yake. Asubuhi yake mlima ulielekea kwao. Johnston aliwahi kupaza sauti kwenye redio ya upepo mara moja. Mwili wake haukuonekana hadi leo. Mgongo ule wa kilima sasa unaitwa Johnston Ridge.

Ukijua hivyo, ile picha ya kulia inageuka. Glicken alirudi Septemba akasimama tena pale, na alichokitazama kupitia kamera ni mahali ambapo yeye alipaswa kufa. Hakuiweka habari hiyo kwenye fremu. Picha haina msalaba, haina maua, haina hata gari lililopondeka. Wengine wangesema huo ni ubaridi wa kisayansi. Mimi naona ni adabu. Lakini adabu hiyo inamtaka mtazamaji aulize aliyesimama alisimama wapi, na sisi hatuulizi, kwa sababu kabla na baada hutufanya tujihisi tunatazama kutoka mahali pasipo na mtu.

Alichofanya Glicken baadaye ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko picha zake. Alitumia miaka akitembea juu ya vilima vile vidogo vya kijivu, akiviandikia tasnifu ya udaktari, kilima kwa kilima: hiki kimetoka kileleni, hiki kimetoka ubavuni. Kwa maneno mengine, alikataa kuuona mlima uliopotea kuwa umepotea. Aliutafuta chini ulipolala. Baada ya 1980, wanajiolojia waliirudia milima ya zamani duniani wakiwa na macho mapya, wakatambua kwamba vilima vya namna hiyo vilivyokuwa vikiwasumbua ni mabaki ya milima iliyoanguka. Glicken mwenyewe alifia kwenye volkano ya Unzen, Japani, tarehe 3 Juni 1991, pamoja na watu wengine 42.

Picha ya kulia nayo, ya 10 Septemba, tumeifanya kuwa mwisho, wakati ilikuwa siku ya 115 tu. Ukiiamini, utadhani pale pamekufa. Lakini chini ya majivu yale kulikuwa na panya wachimbaji, wanaofanana kwa tabia na fuko wetu, ambao siku ya mlipuko walikuwa ndani ya mashimo yao. Walipochimba kutoka nje walileta juu udongo wa zamani, na mbegu zikapata pa kushika. Haukupita muda mrefu, ua dogo la lupini likaonekana katikati ya uwanda mtupu. Mmea huo hujitengenezea mbolea ya naitrojeni kutoka hewani, hivyo hauhitaji udongo mzuri ili uanze maisha. Ndani ya kreta, lava ilijenga kilima kipya hadi 1986, kisha ikaendelea tena kuanzia 2004 hadi 2008. Kivulini mwa kuta za kreta barafu mpya imejikusanya, umri wake mdogo kuliko wa wazazi wangu. Mlima haukubaki ulivyopigwa picha.

Sasa kile kiganja.

Nimezaliwa Ngarenanyuki, mashariki mwa Mlima Meru, Arusha. Anayeishi Arusha mjini anauona Meru mzima, umechongoka vizuri, ndio ule wa kwenye kalenda na kuta za hoteli. Sisi wa upande wa pili tunauona ndani. Upande wa mashariki mlima hauna ubavu. Kuna kreta yenye umbo la kiatu cha farasi, wazi upande mmoja, na nyuma yake ukuta wa mwamba wa karibu mita 1,500 kwenda juu. Katikati kumesimama koni ndogo ya majivu, iliyojengeka baadaye. Maelfu ya miaka iliyopita, kama 8,000 kwa makadirio yanayotajwa mara nyingi, ubavu wa mashariki uliporomoka ukamwagika kuelekea Kilimanjaro. Maziwa ya Momella, wanakokwenda watalii kuona heroe, yametuama kwenye mabonde ya mabaki hayo. Vilima vidogo ambavyo tulikuwa tukivipanda tukiwa watoto kutafuta mbuzi waliopotea ni mlima ulioanguka. Shamba la nyanya la bibi yangu liko katikati ya viwili.

Haya niliyasoma chuoni, si nyumbani. Siku ile ya semina ndipo ilipogonga: picha ya kulia pale ukutani ilikuwa kwetu. Tofauti ni kwamba sisi hatuna ya kushoto. Hakuna aliyesimama na kamera kabla ya Meru kuanguka. Tumezaliwa ndani ya picha ya pili, tukalima humo, tukaoana humo, tukazika humo, na hatukuwahi kuiita baada. Tuliiita Ngarenanyuki.

Na picha hiyo bado inaendelea. Mawe na majivu ya Meru yana floraidi nyingi, na maji yanayopita humo huichukua. Shirika la Afya Duniani linashauri maji ya kunywa yasizidi miligramu 1.5 za floraidi kwa lita. Chemchemi na mito mingi ya upande wetu inapita kiwango hicho mara kadhaa. Mtoto anayekunywa maji hayo huharibika meno yakiwa bado yanajengeka ndani ya taya, kabla hayajaota. Yanatoka na madoa, kisha yanakuwa ya kahawia. Wanaokunywa zaidi, kwa miaka zaidi, huathirika hadi mifupa. Jirani yetu, mwanamume wa makamo, miguu yake imepinda tangu utotoni, na hakuna aliyewahi kumwona akikimbia.

Mimi nilipata meno tu. Nyumbani hayakuwa kitu, kila mtu alikuwa nayo. Nilipokwenda shule ya bweni mkoa mwingine, binti mmoja aliniuliza mbele ya wenzake kama kwetu hakuna miswaki. Kuanzia siku hiyo mkono wangu ulijifunza njia ya kwenda mdomoni.

Mwaka nilipomaliza shahada ya kwanza nilikwenda studio kupiga picha ya joho. Mpigapicha aliniangalia kwenye skrini yake, akaniambia kwa upole kabisa, "Dada, nikupunguzie hiyo rangi ya meno?" Nilisema sawa. Akabofya mara chache kwenye Photoshop. Picha hiyo ndiyo iliyotundikwa sebuleni kwetu: mimi, joho, na meno meupe ambayo sijawahi kuwa nayo. Wageni wakiitazama, kisha wakinitazama mimi, nao wanafanya hesabu ileile tuliyoifanya darasani. Wanatafuta kilichoharibika kati ya ile na huyu. Hakuna kilichoharibika katikati. Meno haya hayana picha ya kushoto. Ile ya ukutani ilitungwa ili kuwe na hali nzuri iliyopotea.

Hilo ndilo ninalotaka kusema dhidi ya jozi, na nalisema nikijua kwamba jozi ya Glicken ni ya kweli na yangu ni ya uongo. Kuweka picha mbili ubavu kwa ubavu ni kuamua mahali pa kukata. Anayekata ndiye anayesema lipi lilikuwa zima na lipi limevunjika. Baada ya hapo wanaoishi upande wa kulia wanabaki kuwa ushahidi wa hasara, watu wa kuhurumiwa au wa kusafishwa rangi.

Bibi yangu naye ana mahali pake pa kukata, na si mlima. Ni mwaka 1951. Serikali ya kikoloni iliwahamisha Wameru wapatao 3,000 kutoka Ngarenanyuki ili walowezi wa Kizungu wapate ardhi ya kufugia ng'ombe. Yeye alikuwa na miaka saba. Kirilo Japhet alikwenda New York mwaka uliofuata kulipeleka shauri la Wameru Umoja wa Mataifa. Familia yetu ilirudi baadaye. Kwa bibi, mambo yote ni ya kabla ya kuhamishwa au ya baada ya kurudi. Mlima kwake haukuanguka wakati wowote. Uko vile ulivyo, na unajulikana una mvua upande gani.

Likizo iliyopita nilimwonyesha picha za Glicken kwenye simu. Nilitaka kusikia atasema nini, na nakiri nilikuwa nikitarajia kauli ya kumalizia makala. Alizitazama kwa muda, akakuza ya kulia kwa vidole viwili kama alivyofundishwa na wajukuu.

"Huu umefunguka kama wetu," alisema.

"Ndiyo, bibi. Uliporomoka siku moja, asubuhi."

"Watu walikufa?"

"Hamsini na saba."

Akasema pole, kwa sauti ya chini, kama anavyosema akisikia msiba wa kijiji cha jirani. Kisha akauliza, "Na hao waliobaki, maji yao yakoje?"

Hakuna mtu aliyeuliza hivyo kwenye semina, na mimi nikiwemo, mwenye meno haya. Nilimwambia ninachokijua. Maporomoko yaliingia kwenye Spirit Lake, ziwa lililokuwa chini ya mlima, yakainua usawa wake kwa kama mita 60 na kuziba njia yake ya kutokea. Ikahofiwa kwamba siku moja kizuizi hicho kingevunjika na maji yote kuzimeza nyumba za bondeni. Mwaka 1985 handaki la kupitishia maji lilikamilika, limetobolewa kwenye mwamba kwa zaidi ya kilomita mbili, na tangu hapo limekuwa likifungwa na kutengenezwa mara kwa mara kwa sababu ardhi inalibana. Magogo ya ule msitu uliolala yangali yakielea ziwani, makumi ya miaka baadaye, upepo ukiyasukuma ng'ambo hii na ile.

"Kwa hiyo hawajamaliza," bibi alisema, akanirudishia simu.

Hawajamaliza. Jioni ile nilichota maji kwenye tanki la mvua, ambayo ndiyo ya kunywa nyumbani kwetu siku hizi. Ya mto ni ya kufulia na kunyweshea nyanya. Wadogo zangu wawili wamekua na maji ya tanki na meno yao ni meupe. Niliporudi chuoni nilimwandikia yule mpigapicha wa studio, nikamwomba kama bado anayo faili ya kwanza, ile kabla hajabofya. Alikuwa nayo. Nimeichapisha, ukubwa uleule. Sijaitundika badala ya ile nyingine wala kando yake. Iko ndani ya daftari langu la semina, na sijaamua niiwekee jina gani.